Mnunuzi wa Pili

Mtu aliyenyimwa kazi anajua kwamba amenyimwa. Sababu huenda isimfikie, lakini kukataliwa kwenyewe kumemfikia, na anaweza kuuliza, kulalamika, hata kushtaki. Mnunuzi hana nafasi hiyo. Ameingia dukani, ameuliza bei, amevutana na muuzaji, amepunguziwa kidogo, amelipa na ameondoka na bidhaa yake huku akishukuru. Ikiwa aliyeingia baada yake amepata bidhaa ile ile kwa bei ya chini kwa sababu ya rangi ya ngozi au jina la ukoo, wa kwanza hatapata habari. Hakutukanwa, hakufungiwa mlango, hakuambiwa lolote baya. Hapo ndipo ubaguzi wa sokoni unapotofautiana na aina nyingi nyingine za ubaguzi: aliyedhulumiwa hawezi kuwa shahidi wa dhuluma aliyotendewa. Shahidi ni mnunuzi wa pili, mtu anayefanana na wa kwanza kwa kila kitu isipokuwa kile kimoja tunachokiuliza. Karibu kila ugomvi ambao wachumi, wanasheria na wafanyabiashara wamekuwa nao juu ya kupima ubaguzi huu, ukiutazama kwa karibu, ni ugomvi juu ya mtu huyo wa pili: nani anafaa kulinganishwa na nani, na walinganishwe wapi. Nashikilia kwamba swali hilo lina jibu linaloweza kutetewa, na kwamba jibu lenyewe halihitaji kumpasua muuzaji moyo kuona kama ndani yake mna chuki. Linahitaji kujua mtu ametozwa nini, na angetozwa nini kama angekuwa mwingine.

Kuna nyakati ambapo kipimo hakikuhitajika. Serikali za kikoloni za Kenya na Tanganyika ziliweka sheria za kuzuia Mwafrika kukopeshwa: deni alilopewa na mfanyabiashara asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani ikiwa ofisa wa serikali hakutoa idhini. Waliotunga sheria hizo waliziita ulinzi wa wenyeji, lakini Mwafrika aliyetaka kufungua duka alijikuta hawezi kupata mali kwa mkopo kama walivyopata washindani wake. Aliyetaka kujua kama soko lilibagua alihitaji kusoma gazeti la serikali tu. Kusini mwa Marekani, kabla ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, vibao vya mikahawa vilisema wazi nani anaruhusiwa kukaa wapi. Hata katika miaka yetu hii, kanuni ikitamkwa hupata jibu haraka: mwaka 2015 mkahawa mmoja wa Nairobi ulifungwa mara tu baada ya gazeti kuandika kwamba haukuwa ukiwaruhusu Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Taabu huanza pale sheria inapokataza kibao lakini haiwezi kuifikia hesabu inayofanyika kichwani mwa muuzaji anapomwona mteja akivuka kizingiti. Hesabu hiyo haiandikwi popote ila katika bei.

Jaribio lililoionyesha kwa uwazi usio wa kawaida lilifanyika Chicago, katika maduka ya magari mapya. Ian Ayres, mwanasheria na mchumi, alianza na utafiti uliochapishwa 1991, kisha yeye na Peter Siegelman wakachapisha mkubwa zaidi mwaka 1995. Waliajiri watu 38, Weupe na Weusi, wanaume kwa wanawake, wenye umri unaokaribiana na elimu inayolingana, wakawavika mavazi ya aina moja na kuwafundisha maneno ya kusema, namna ya kusubiri na namna ya kupandisha bei hatua kwa hatua. Kila duka lilitembelewa na jozi, mmoja akiwa mwanamume Mweupe na mwenzake mtu wa kundi jingine, wote wakitaka gari la aina moja. Wanunuzi hao wenyewe hawakuambiwa kwamba kinachopimwa ni ubaguzi. Walijua tu kwamba ni utafiti wa jinsi wauzaji wanavyopatana bei. Baada ya ziara zaidi ya 300, bei ya mwisho aliyopewa mwanamke Mweupe ilizidi ya mwanamume Mweupe kwa chini ya dola 100, ya mwanamke Mweusi kwa dola 400 hivi, na ya mwanamume Mweusi kwa zaidi ya dola 1,100. Tofauti ilikuwapo tangu bei ya kwanza iliyotajwa, kabla mapatano hayajaanza, na kwa mwanamume Mweusi ilizidi kupanuka kadiri mazungumzo yalivyoendelea, ingawa alikuwa akisema maneno yale yale ambayo mwenzake aliyasema. Utafiti wa 1991 ulikuwa umeonyesha jambo jingine ambalo bado naliona kuwa zito kuliko dola zenyewe: wanunuzi walielekezwa mara kwa mara kwa muuzaji wa rangi na jinsia yao, na huyo ndiye aliyewapa bei mbaya zaidi. Anayedhani kwamba ubaguzi lazima utoke kwa mtu wa kundi moja kumwelekea wa kundi jingine hawezi kulieleza hilo. Bei mbaya haikuhitaji chuki. Ilihitaji dhana iliyozoeleka dukani kuhusu nani atakubali kulipa zaidi, na dhana hiyo anaweza kuitumia yeyote anayelipwa kwa kamisheni.

Pingamizi la kwanza, tena lenye nguvu, halikutoka kwa watu waliotaka kuficha jambo. Mchumi Pinelopi Goldberg alichukua manunuzi halisi ya magari yaliyoandikwa katika uchunguzi wa matumizi ya kaya za Marekani wa miaka ya 1980, na katika makala ya 1996 akaonyesha kwamba wastani wa punguzo walilopata Weusi na Weupe haukutofautiana kwa kiwango cha kuaminika kitakwimu. Jaribio la Chicago linasema pengo ni zaidi ya dola 1,000, na risiti za nchi nzima zinasema pengo halionekani. Nani mkweli? Wote wawili, kwa maana kwamba wamepima vitu viwili. Wapimaji wa Chicago walipelekwa kwenye milango iliyochaguliwa kwa bahati nasibu na kuambiwa wafuate maagizo. Mnunuzi wa kweli hachagui mlango kwa bahati nasibu: anauliza shangazi alinunua wapi, anakwepa duka lenye sifa mbaya, anatembelea matano badala ya mawili, anamtuma rafiki Mweupe, au anaghairi kabisa na kubaki na gari lake kuukuu. Risiti humhesabu aliyenunua. Aliyekata tamaa hana risiti, na mwendo wa yule aliyezunguka mji mzima haukuandikwa kwenye karatasi yoyote. Goldberg mwenyewe aliona kwamba mapunguzo ya Weusi yalitawanyika zaidi kuliko ya Weupe, wengine wakipata bei nzuri na wengine wakiumizwa vibaya, jambo linalolingana na soko ambamo wajuzi hujiokoa na wasio na habari hulipa. Wanaosema kwamba wastani ukilingana basi hakuna ubaguzi wanahesabu bei ya kununua na kuacha bei ya kujikinga.

Utafiti wa Fiona Scott Morton na wenzake, uliochapishwa 2003, unasaidia kuunganisha pande hizo mbili. Walitazama mauzo mengi ya magari mapya na kuona kwamba wanunuzi Weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini, walipokwenda dukani wenyewe, walilipa asilimia 2 hivi zaidi ya wengine, kiasi cha dola 500. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo, takribani asilimia 65, ilielezwa na kipato, elimu na gharama ya kutafuta. Walioomba bei kupitia huduma ya intaneti walilipa karibu sawa na Weupe. Hapa mtu anaweza kuridhika haraka: kumbe ni suala la kipato na elimu, si rangi. Lakini kwa nini asiye na elimu ya juu alipe zaidi kwa gari lile lile? Kwa sababu muuzaji anakisia kwamba hana pengine pa kwenda. Na ni kwa dalili gani muuzaji anaikisia elimu ya mtu aliyesimama mbele yake kwa dakika mbili? Intaneti haikubadilisha elimu ya mnunuzi wala mfuko wake. Iliuficha uso wake, na ikampa bei ya kushikilia.

Pingamizi la pili linahusu ufundi. James Heckman, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, akiwa pamoja na huyo huyo Siegelman, alionya mwaka 1993 kwamba watu wawili hawawezi kufananishwa kabisa. Unaweza kusawazisha umri na mavazi, lakini si kila kitu ambacho muuzaji anakisoma usoni na katika mwendo. Na wapimaji, wakijua kinachotafutwa, wanaweza kukitafuta kwa bidii kupita kiasi. Onyo hilo lilikuwa la haki na lilibadilisha kazi. Njia iliyofuata ni kumwondoa mtu na kubakisha ishara moja tu. Jennifer Doleac na Luke Stein waliuza vicheza muziki vya iPod kwa matangazo ya mtandaoni nchini Marekani, kila tangazo likiwa na picha ya mkono ulioshika bidhaa: mweusi, mweupe, au mweupe wenye tatuu. Mkono mweusi ulipata majibu pungufu kwa asilimia 13 na ofa pungufu kwa asilimia 17, na pengo lilikuwa kubwa zaidi pale wanunuzi walipokuwa wachache. Benjamin Edelman, Michael Luca na Dan Svirsky walituma maombi 6,400 hivi ya kulala kwa wenyeji wa Airbnb katika miji mitano mwaka 2015, maneno yakiwa yale yale, majina yakibadilika. Majina yanayosikika kuwa ya Wamarekani Weusi yalikubaliwa asilimia 42 ya mara, yale ya Weupe asilimia 50. Waliofanya vivyo hivyo na magari ya kuitwa kwa simu waliona madereva wa Uber mjini Boston wakighairi safari za wenye majina ya Kiafrika-Kimarekani zaidi ya mara mbili kuliko za wenye majina ya Weupe. Hakuna anayeweza kusema kwamba ombi la mtandaoni lilitembea kwa maringo au lilikunja uso.

Hata hivyo jina nalo halibebi rangi peke yake. S. Michael Gaddis ameonyesha kwamba baadhi ya majina ya Weusi yanayotumiwa katika majaribio haya yanawaambia wasomaji pia kwamba mwenye jina ametoka katika familia maskini, na kwamba si kila jina linatambuliwa na watu wote kuwa la Mweusi. Kwa hiyo jaribio lililotumia majina ya namna moja huenda limepima rangi na tabaka kwa mkupuo mmoja. Dawa yake ni majina mengi ya aina nyingi, yaliyojaribiwa kwanza kwa watu wa kawaida. Wapo wanaolalamika pia kwamba kumtumia muuzaji mteja asiye na nia ya kununua ni udanganyifu unaompotezea muda. Ni kweli kwamba unampotezea muda, na watafiti wanapaswa kuutumia kwa uchache. Lakini Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Havens Realty ya 1982, ilikubali kwamba mpimaji Mweusi aliyedanganywa kuwa hakuna nyumba ya kupanga ana haki ya kushtaki hata kama hakuwa na nia ya kupanga, kwa sababu sheria ilimpa haki ya kuambiwa ukweli. Serikali ya Marekani yenyewe iliwatumia wapimaji wa namna hiyo katika uchunguzi wake mkubwa wa nyumba wa 2012, uliokuwa na majaribio zaidi ya 8,000 katika miji 28. Huo uliona kwamba wanunuzi Weusi wa nyumba walionyeshwa nyumba pungufu kwa asilimia 17.7 kuliko Weupe waliolingana nao. Hawakufukuzwa. Walipokelewa kwa heshima, wakaonyeshwa nyumba chache.

Pingamizi la tatu ndilo linalonishughulisha zaidi, kwa kuwa halibishi kwamba pengo lipo. Linabisha kwamba pengo ni kosa. Mchumi Gary Becker, katika kitabu chake cha 1957, alimwona mbaguzi kama mtu aliye tayari kugharimika ili asichangamane na asiowapenda, na akatabiri kwamba ushindani ungemwadhibu. Edmund Phelps na Kenneth Arrow, kuanzia 1972, walieleza aina nyingine: muuzaji asiye na chuki yoyote, asiyemjua mteja, anayetumia wastani wa kundi kama kisio lake. John List, katika utafiti wa 2004 kwenye masoko ya kadi za wanamichezo, aliona wauzaji wakiwapa bei mbaya wanunuzi wa makundi madogo, na majaribio yake ya ziada yakaelekeza kwenye kisio badala ya chuki. Devin Pope na Justin Sydnor walifika mbali zaidi. Kwenye soko la mikopo la Prosper, ambako watu binafsi walikopeshana kwa kuangalia tangazo na picha, maombi yenye picha ya Mweusi yalikuwa na uwezekano mdogo wa kupata mkopo kwa asilimia 25 hadi 35 kuliko ya Mweupe mwenye historia ile ile ya madeni. Lakini waliopata mkopo walishindwa kulipa kwa kiwango kilichowafanya wakopeshaji wao wapate faida ndogo kuliko kwa Weupe. Kwa kipimo cha faida tu, soko lilikuwa halijabagua vya kutosha. Sioni sababu ya kuuficha ushahidi huo au kuupunguza makali.

Jibu langu ni kwamba hesabu ya muuzaji inaweza kuwa sahihi kwa kundi na ikawa dhuluma kwa mtu, na sheria za nchi nyingi zimekwisha kuchagua upande. Zinamkataza mfanyabiashara kumtoza mtu kwa sababu ya rangi yake, haziongezi maneno "isipokuwa kama rangi inatabiri jambo." Mweusi mwaminifu aliyelipa deni lake lote kwa riba ya juu amelipia makosa ya watu asiowajua, ambao kitu pekee anachoshirikiana nao ni kile ambacho hakukichagua. Zaidi ya hayo, kisio hilo mara nyingi si elimu bali ni uvivu wa kutafuta elimu. Ruomeng Cui na wenzake walionyesha kwamba kwenye Airbnb sifa moja nzuri iliyoandikwa na mwenyeji wa awali ilitosha kuliondoa pengo kati ya majina. Basi habari iliyohitajika ilikuwa ndogo sana, na aliyekosa kupokelewa mara ya kwanza ndiye aliyenyimwa njia ya kuipata. Edelman na wenzake nao waliona kwamba ubaguzi ulikuwa mkubwa zaidi kwa wenyeji ambao hawajawahi kumpokea mgeni Mweusi, watu wasio na uzoefu wowote wa kukisia kutokana nao, na kwamba waliomkataa mgeni Mweusi walipata mgeni mwingine wa kujaza nafasi asilimia 35 tu ya mara. Ushindani ambao Becker aliutegemea ulikuwapo, adhabu ilikuwapo, wenyeji waliilipa na kuendelea. Baada ya utafiti huo, Airbnb ilianza mwaka 2018 kuficha picha ya mgeni mpaka ombi lake likubaliwe, na ikajenga mfumo wake wenyewe wa kupima. Takwimu zake za 2021 nchini Marekani zilionyesha wageni wanaoonekana kuwa Weusi wakifanikiwa asilimia 91.4 ya mara, na wanaoonekana kuwa Weupe asilimia 94.1.  Pengo halikuwa limeisha, na tunajua hivyo kwa sababu tu kuna aliyehesabu.

Masoko mengine hayaruhusu jaribio la majina. Huwezi kuomba mikopo ya nyumba 5,000 ya uongo, kwa hiyo unarudi kwenye kumbukumbu, na hapo mnunuzi wa pili anajengwa kwa hesabu: mtu wa kipato kile kile, deni lile lile, nyumba ya thamani ile ile. Watafiti wa tawi la Boston la Benki Kuu ya Marekani walipofanya hivyo kwa maombi ya 1990, walikuta Weusi na watu wa asili ya Amerika ya Kilatini wakikataliwa asilimia 28 ya mara dhidi ya asilimia 10 ya Weupe. Baada ya kusawazisha sifa za waombaji, pengo la asilimia 18 likashuka hadi 8 hivi. Mjadala ukawa, je, wamesawazisha vya kutosha? Kila mkosoaji alikuja na kigezo kimoja zaidi. Mimi naona hatari pande zote mbili. Ukisawazisha machache, unamlaumu mkopeshaji kwa umaskini ambao hakuusababisha. Ukisawazisha mengi, unaufuta ubaguzi kwa kuuita jina jingine. Mwaka 1968 Tume ya Biashara ya Marekani ilitazama maduka ya samani na vyombo vya nyumbani mjini Washington: bidhaa iliyogharimu dola 100 kwa bei ya jumla iliuzwa kwa wastani wa dola 255 katika maduka ya mkopo yaliyohudumia watu wa kipato cha chini, na dola 159 katika maduka ya kawaida. Wateja wengi wa maduka hayo ya kwanza walikuwa Weusi. Ukiweka "aina ya duka" kama kigezo cha kusawazisha, pengo la rangi linaweza kutoweka kabisa, ingawa ni rangi na ukuta wa makazi yaliyotengwa vilivyompeleka mteja kwenye duka lile. Kanuni ninayoiona kuwa ya haki ni hii: sawazisha kile ambacho mteja angekuwa nacho hata kama angezaliwa na rangi nyingine, na gharama ambayo muuzaji kweli ameibeba. Kile ambacho rangi yenyewe imekileta kiachwe ndani ya kipimo.

Kisha kuna ugumu ambao sheria imeuleta kwa nia njema. Marekani inawataka wakopeshaji wa nyumba waandike rangi ya mwombaji, lakini kwa ujumla inawakataza wakopeshaji wa magari kuiuliza. Kwa hiyo idara ya serikali ya kulinda wateja wa huduma za fedha ilipotaka kujua kama maduka ya magari yanaongeza riba kwa Weusi, ililazimika kukisia rangi ya kila mkopaji kwa jina la ukoo na anwani yake. Kwa njia hiyo kampuni ya mikopo ya magari ya Ally Financial ilikubali mwaka 2013 kulipa dola milioni 98, sehemu kubwa ikiwa fidia. Wakosoaji walisema kisio hilo linawahesabu kuwa Weusi watu wasio Weusi, na hawakukosea. Mwaka 2018 Bunge la Marekani liliufuta mwongozo wa idara hiyo juu ya mikopo ya magari. Somo ambalo wengi walilichukua ni kwamba kipimo kilikuwa kibovu. Somo ninalolichukua ni kwamba ukikataza kuandika rangi huku ukiruhusu wauzaji kuiona, umewafumba macho wakaguzi peke yao. Programu za kompyuta hazijaliondoa tatizo hilo, ingawa zimefanya ukaguzi kuwa rahisi, kwa kuwa programu unaweza kuiuliza swali moja mara elfu na haichoki wala haishuku. Watafiti wa Italia waliouliza bei za bima ya gari mtandaoni, wakibadilisha mahali pa kuzaliwa tu, walikuta dereva aliyezaliwa Laos anaweza kutozwa euro 1,000 zaidi ya aliyezaliwa Milan, mengine yote yakiwa sawa.

Na huku kwetu? Tunazo dhana nyingi na vipimo vichache, na vichache vilivyopo vinatuonya tusiamini dhana haraka. Kristin Michelitch alipima mapatano ya nauli za teksi nchini Ghana wakati wa uchaguzi wa 2008 na nje ya msimu huo: madereva waliwapunguzia watu wa kabila lao nyakati zote, lakini kilichopanda karibu na kura kilikuwa ubaguzi wa chama. Nairobi, kundi la watafiti akiwamo Edward Miguel lilifanya michezo ya kugawana fedha na watu 1,300, karibu na uchaguzi na mbali nao, na likaona upendeleo mdogo mno wa kikabila. Hilo halithibitishi kwamba wapangaji wa Nairobi hawabaguliwi. Linathibitisha kwamba mkono wa mtu akigawa fedha za mchezo hautuambii mwenye nyumba atasema nini akisikia jina kwenye simu. Mwenye nyumba lazima aulizwe kwa njia yake. Kenya ina bahati ya kiutafiti ambayo kwa maisha ya watu ni balaa: jina la ukoo mara nyingi hulitaja kabila, na jina hilo huweza kumfikia muuzaji kabla hajamwona mteja. Tanzania ni ngumu zaidi. Sensa yake ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, na Juma au Rehema hutaja dini kabla ya kutaja kwao. Rwanda iliondoa kabila kwenye vitambulisho baada ya mauaji ya 1994, kwa sababu ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayezibeza. Wengi huhitimisha kwamba katika nchi kama hizi ubaguzi hauwezi kupimwa bila kurudisha hesabu ya makabila. Si kweli. Jaribio la jozi halihitaji kujua kabila la raia hata mmoja. Mtafiti ndiye anayeibeba ishara na kuipeleka sokoni.

Ishara hiyo si lazima iwe jina. Mwaka 1999 John Baugh na wenzake walichapisha jaribio ambamo mtu mmoja alipiga simu kwa wenye nyumba wa eneo la San Francisco kwa lafudhi tatu za Kiingereza, na miadi ya kuona nyumba ikatofautiana kwa lafudhi. Kiswahili ni chombo kamili kwa kazi hiyo: lafudhi ya Mombasa, ya Nairobi, ya Lubumbashi na ya Zanzibar hutambulika kabla sentensi haijaisha. Ila hapo ndipo wawili hawatoshi. Waingereza waliligundua hilo mapema. Utafiti wa taasisi ya Political and Economic Planning wa 1967, uliosaidia kuleta sheria ya mahusiano ya rangi ya 1968 iliyogusa nyumba, kazi na huduma, haukumtuma Mwingereza na mtu wa Karibi peke yao kwenda kutafuta nyumba na bima ya gari. Ulimwongeza Mhungaria, mgeni mwenye lafudhi nzito lakini mweupe, ili asitokee wa kusema kwamba kinachokataliwa ni ugeni. Mhungaria alitendewa karibu kama Mwingereza. Mtu wa Karibi hakutendewa hivyo, na kisingizio cha ugeni kikafa. Dar es Salaam au Mombasa, wapiga simu wangekuwa watatu pia: mwenyeji wa pwani, mtu wa bara, na mhamiaji kutoka Kongo, wote wakisema wana kazi ya aina moja na kodi ya miezi sita mkononi, wote wakipiga siku moja kwa dalali yule yule, kwa mpangilio wa bahati nasibu. Wa bara akitendewa kama wa Kongo, tumekuta jambo moja. Akitendewa kama wa pwani, tumekuta jingine. Na dalali akimwambia wa kwanza chumba kipo, wa pili chumba kipo, na wa tatu kimeshachukuliwa, kazi inayobaki ni kupiga tena kwa dalali mwingine, na mwingine, mpaka wa mia tatu, ili bahati mbaya isiweze tena kutolewa kama maelezo.